Kiwanja Kikaguliwe Masika

Katika Dar es Salaam, kama katika miji mingi ya mwambao wetu, mtu anayekusudia kununua kiwanja au nyumba huwa mwangalifu mno katika jambo moja, nalo ni karatasi: ataulizia hati, ataipeleka kwa wakili, atakwenda ofisi ya ardhi ahakikishe kwamba jina lililoandikwa ndilo la muuzaji na kwamba hakuna benki inayoidai mali hiyo. Tahadhari hiyo ni ya lazima, kwa maana wengi wamedhulumiwa kwa kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu. Lakini ardhi yenyewe, ambayo juu yake atalala yeye na aila yake umri wao wote, aghalabu huitazama mara moja tu, mchana wa Agosti, udongo umekauka, kusi inavuma, na dalali amesimama kando akisifu ukaribu wa barabara. Hati hueleza nani mwenye mali. Haielezi maji hupita wapi.

Mto Msimbazi, unaoteremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hata ukamwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda, umekwisha kutufundisha jambo hili kwa gharama kubwa. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na jamaa nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Miaka 4 baadaye nyumba za bonde hilo zikawekewa alama nyekundu na kuvunjwa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Aliyenunua mle, basi, alikuwa hatarini pande mbili: akinusurika na maji, sheria ilikuwa ikimngoja, ilhali aliyemuuzia alikwisha kuchukua fedha zake na kwenda zake.

Kiwanja kikaguliwe masika, baina ya Machi na Mei, tena siku ya pili baada ya mvua kubwa, kabla jua halijafuta athari zake. Asiyeweza kungoja msimu na azisome alama zilizobaki: ule mstari wa matope uendao sawasawa ukutani mwa nyumba ya jirani, uliopakwa chokaa na bado ukajitokeza, kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali mawili au matatu, hata aingiaye sharti anyanyue mguu, viroba vya mchanga vilivyopangwa mlangoni na kusahauliwa, matete yaliyoota mahali ambapo dalali anaapa kwamba hapajapata kutuama maji, na kifusi kipya kilichomwagwa ili penye bonde paonekane tambarare. Kisha na aulize, wala asimwulize mwenye mali peke yake, bali mpangaji wa nyumba ya pili, na mama auzaye maandazi penye kona, kwani hao hawana faida yoyote katika bei, na usiku ule magodoro yalipoelea wanaukumbuka vyema. Na anayenunua karibu na bahari ayaonje maji ya kisima, maana chumvi ikiisha kuingia kisimani haitoki kwa dua wala kwa pampu mpya.

Hata hivyo, historia ya mahali haitoshi. Kila joto la hewa linapozidi kwa digrii 1 ya Selsiasi, hewa hiyo huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7, na mvua inyeshayo humwagika kwa kishindo kikubwa zaidi. Aidha, vilima vilivyokuwa na miti vikijengwa na kusakafiwa, maji yaliyokuwa yakizama ardhini hushuka yote bondeni kwa pamoja. Nyumba iliyokaa miaka 30 bila kufurika si hoja ya kwamba haitafurika kesho. Basi na azitazame ramani pia, nazo zipo: tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria, kwa mikono ya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe, umechora mitaa ya Dar es Salaam pamoja na mahali panapofurika, na ramani hizo zi wazi kwa kila mtu.

Atasema mtu kwamba maskini hana hiari, hununua pale panapouzwa rahisi. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo mzigo haupasi kumwelemea yeye peke yake. Fikihi ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi iliongoza biashara za pwani yetu, ilimpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu kikidhihirika kuwa na kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo naye asiijue. Na kama aliyeuziwa ngamia mgonjwa alistahili insafu hiyo, sioni kwa nini aliyeuziwa nyumba inayofurika asistahili. Viwanja visivyopimwa aghalabu huuzwa mbele ya mashahidi katika ofisi ya serikali ya mtaa, penye mwenyekiti na wajumbe wanaokijua kila kichochoro. Naziomba halmashauri zetu ziongeze katika karatasi ile ya mauziano mstari mmoja tu, muuzaji aandike na mwenyekiti athibitishe: mahali hapa paliwahi kuingiwa na maji, au hapakuwahi, na atakayeandika uongo alazimike kurudisha fedha.

Nawe msomaji uliyekwisha kukubaliana bei na dalali, usitoe hata arubuni kabla hujazungumza na majirani.