Mbunge Wetu wa Viti Maalum ni Nani?



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya akina mama, tulikaa kuzungumzia maji. Katika wodi ya wazazi tunakotembelea wagonjwa, mama anayekuja kujifungua hubebewa ndoo na ndugu zake. Sisi tulio wauguzi tunajua hatari yake kwa mama na kwa kichanga. Bibi mmoja akasema, "Twendeni kwa mbunge mwanamke wa mkoa wetu, ataelewa."

Tukaulizana jina lake. Hakuna aliyelijua, ingawa wote tulipiga kura. "Hakuja kutuomba kura," akasema mwenzetu. Ni kweli hakuja, kwa sababu hakuzihitaji kura zetu.

Viti maalum havipigiwi kura na wananchi. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura za wabunge nchini, hugawiwa viti kulingana na kura zake. Majina hutoka katika orodha ya chama, na wanaoipanga ni wajumbe wachache. Karatasi ya kura tunayopewa kituoni haina majina hayo.

Hatuvidharau viti hivi. Mwaka 2010, katika majimbo 239, wanawake walioshinda walikuwa 21 tu. Wa viti maalum walikuwa 102. Bila viti hivyo Bunge lingekuwa karibu la akina baba peke yao. Tena ni ngazi. Mama Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa viti maalum mwaka 2000, akashinda jimbo la Makunduchi mwaka 2010, na mwaka 2021 akawa Rais.

Lakini ngazi ina mapungufu. Mfuko wa maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni wa majimbo. Mbunge wa viti maalum hana wake. Waziri Mkuu naye lazima atoke jimboni. La kutuuma zaidi ni hili: mtu humjibu aliyemchagua. Aliyechaguliwa na wajumbe atawaogopa wajumbe, si mama mwenye ndoo.

Wenzetu wa Kenya wamepita njia nyingine. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013, kila kaunti kati ya 47 huchagua mbunge mwanamke, na wapiga kura wote, wake kwa waume, humpigia kura. Hata kwetu, Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Bunge Maalum likaandika katiba nyingine mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa.

Je, tukae tukisubiri? Hapana. Kila mama ajue jina la mbunge wa viti maalum wa mkoa wake. Aliye mwanachama wa chama asiache kikao kwa kusema siasa ni ya baba. Huko ndiko orodha inakopangwa. Wagombea wakija kuomba kura, tuwaulize: mtakubali wanawake hawa tuwachague wenyewe? Na nyumbani tuzungumze na waume zetu kwa upole. Maji ya wodini ni ya watoto wao pia.

Someni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi hawakutuma mtu. Walisimama wenyewe mlangoni pa hema mbele ya Musa na wazee, wakadai urithi wa baba yao. Musa akalipeleka neno lao kwa Bwana, na sheria ikabadilika.

Sisi jina tumelipata, na barua ya maji tumeipeleka. Jibu bado. Mwezi ujao tutakwenda wenyewe.