Wacha Kuapa, Badilisha Njia

Siku hizi kila mtu mtandaoni ni mshauri wa tabia. Jikaze. Amka saa kumi alfajiri. Wiki tatu tu na utakuwa mtu mwingine. Mimi pia hutengeneza video, kwa hivyo naelewa kwa nini maneno haya yanapendwa: ni mafupi na hayamgharimu anayeyasema chochote. Lakini mimi naishi Mashimoni, Kibera, na acha niseme wazi: ushauri mwingi wa kuacha tabia mbaya ulitungwa na mtu mwenye nyumba ya vyumba vitatu.

Chukua huu maarufu. "Ukitaka kuacha simu usiku, iweke chumba kingine." Chumba kingine kipi, maze? Keja ni kumi kwa kumi. Kitanda, jiko, mitungi ya maji na simu vyote viko hapo hapo, na pazia ndio ukuta.

Halafu hiyo ya wiki tatu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo sina shahada ya saikolojia, lakini kusoma sikuacha. Mwaka 1960, Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Hilo neno "angalau" likapotea njiani. Mwaka 2009, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa matokeo ya kufuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya. Wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalitoka siku 18 hadi 254. Na hizo zilikuwa tabia rahisi, kama kula tunda au kunywa maji. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hivyo ukiteleza Februari, hujalaaniwa. Ulipewa tu kalenda ya uongo.

Sasa tuongee kubeti, maana hiyo ndiyo inakula mbogi yangu.

Nina beshte anafanya mjengo. Kila Januari anaapa, tena kwa jina la mamake. Lakini angalia anapigana na nini. Mshahara unaingia kwa simu Jumamosi mchana. M-Pesa ilipokuja 2007 iliturahisishia maisha, sikatai, lakini leo mshahara, nauli, mkopo na kamari vinakaa kwa kifaa kimoja. Amechoka, ana njaa, anapitia base, na pale stori ni mechi za jioni na nani alikula ngapi. Ujumbe wa bonasi unaingia. Kiapo ni kimoja, vishawishi ni kumi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu yenyewe ndiyo hii: mkono unabonyeza kabla kichwa hakijaamua.

Hata serikali inajua. Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Siku 30! Hata nusu ya zile 66 hazijafika.

Basi nini kinasaidia? Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya majaribio magharibi mwa Kenya, yakachapishwa 2013. Baadhi ya watu walipewa tu sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakaachiwa wenyewe. Waliweza kulifungua wakati wowote, lakini bado waliwekeza zaidi kwa afya yao. Hakuna aliyewaambia wajikaze. Pesa ilipata mahali na ikapata kazi, na kukataa kukawa rahisi.

Mamazetu hapa walijua haya bila utafiti. Mama anayeuza mboga huweka pesa ya chama hata siku biashara imelala. Sio kwamba ana moyo wa chuma. Kuna wenzake wanangoja zamu, na wanajua mlango wake.

Huyo beshte yangu mwaka huu hakuapa. Mtoto wake anaanza shule, karo haingoji mechi. Alimwomba msimamizi wake atume pesa kwa laini ya dadake. Dada anampa ya chakula na nauli, nyingine anaweka. Jumamosi anarudi kwa njia ya reli, hapitii base. Amebeti mara mbili tangu aanze, na kila mara wiki iliyofuata alirudi kwa mpango. Karo ya muhula wa kwanza ipo.

Wasee wanamcheka eti analelewa na dadake. Mimi naona mtu mzima anayejijua. Anayesema "mimi siwezi shikwa" ndiye hushikwa kwanza. Na kama kubeti kumefika mahali mtu anauza vitu vya nyumba au anafikiria kujidhuru, hapo mpango wa dada hautoshi, atafute mshauri nasaha haraka, na sisi tumsindikize badala ya kumcheka.

Kwa hivyo kabla hujaandika azimio lingine, jiulize maswali matatu. Hiyo tabia hukupata saa ngapi? Hukupata ukipitia wapi? Na wakati huo pesa yako iko kwa mkono wa nani? Badilisha hata moja kati ya hizo kabla ya Jumamosi.