MTOTO KARUDISHWA GETINI KWA AJILI YA SWETA, SISI TUNAJUA USHUNGI TU



Ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga, na nyinyi mnaosoma mkiwa mbali, leo nina neno na sisi wenyewe, si na serikali.

Zikitajwa sare za shule ya msingi, sisi tunasikia ushungi tu. Ni haki kuulinda. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, na binti zetu wanaingia shule za serikali na shungi zao nyeupe. Jirani zetu Kenya walifika Mahakama ya Juu kwa kesi ya shule moja ya Isiolo, na Januari 2019 hukumu ya rufaa iliyowaruhusu mabinti kuvaa hijabu ikatenguliwa. Kwa hiyo sisemi ni jambo dogo.

Lakini binti wa darasa la tatu anayerudishwa getini Jumatatu asubuhi kwa kukosa sweta, nani kati yetu anampigia kelele? Sweta, Tanga! Jua la Februari mbuzi wenyewe wanagombania kivuli, mtoto anaambiwa hajakamilika bila sweta lenye nembo, tena linauzwa na mtu mmoja kwa bei aitakayo. Ushungi wake anao kichwani. Somo analikosa.

Tangu 2016 tunaambiwa elimu bila malipo, ila sare imebaki juu ya mzazi. Mjane anayekaanga mihogo Makorora, ana watoto watatu: mashati meupe, sketi, kaptula, viatu vyeusi, soksi, na mabinti shungi juu yake. Mmoja anakwenda, mwenzake anasubiri.

Someni Surat Abasa. Mola Alimkumbusha Mtume wake (s.a.w.) kwa ajili ya kipofu aliyemjia mbio akitafuta elimu. Mtume! Wewe mwalimu wa zamu uliyesimama getini na fimbo, unamgeuza mtoto aliyekuja mbio, kisa soksi, una hoja gani? Na shule ya kwanza ya serikali huku bara Wajerumani waliifungua hapahapa Tanga, mwaka 1892.

Wapo na wenzetu wanaomfinya mtoto wa miaka saba kwa kuwa ushungi umemwanguka akicheza kombolela. Ushungi unamlazimu akibaleghe. Kabla ya hapo ni malezi, anazoezwa. Hata sala, iliyo nguzo, hadithi ya Abu Daud inasema wa miaka saba aamrishwe, na kwa umri huo hapigwi. Wewe umeipata wapi ruhusa ya kumfinya kwa kitambaa? Ukimfanya auchukie akiwa darasa la pili, usishangae akiuvua akifika kidato cha pili.

Sasa hayo masweta nani anayapitisha? Mkutano wa wazazi ukiitwa, Waislamu tunakwenda wachache, tunakaa nyuma, tunaondoka kabla ya kura za kamati ya shule. Halafu jioni tunalalamika barazani. Nendeni, gombeeni, semeni wazi kwamba sweta pwani liwe hiari, na sare mzazi anunue popote au ashone mwenyewe.

Na misikiti. Ng'ombe wa Maulidi hakosekani hata mwaka wa ukame! Mchele, turubai na spika vinapatikana kwa siku tatu. Sare za mayatima kumi wa mtaa huohuo, mwaka mzima hazijapatikana. Sisemi msisome Maulidi, hilo lina mjadala wake, na pilau mimi nakula. Nasema fukara na maskini ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya zaka, At-Tawba 60, na fukara wetu wa leo ana miaka tisa na viatu vimetoboka.

Mafundi cherehani wamejaa Ngamiani. Anzeni kushona Novemba, msingoje Januari bei zipande. Orodha ya watoto waulizeni walimu wa madrasa, wao wanamjua anayekuja na kanzu ya kaka yake.

Wabillahi tawfiq.