Tusiiamini Namba Tusiyoielewa

Mzazi wa Maswa au Itilima huuza pamba, na mara nyingine ng'ombe, ili mtoto wake asome chuo kikuu. Akisikia kwamba mtoto huyo anashinda maabara akijifunza jinsi mwanga unavyopita katika mwili wa binadamu, huguna: "Hiyo nayo ni kazi gani?" Sisi twasema ni kazi ya kuokoa maisha, tena hapa hapa Simiyu.

Tuchukue mfano wa kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni katika damu. Asili yake ni kazi ya mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Ndani yake mna taa mbili: moja nyekundu, nyingine ya miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni hunyonya zaidi infraredi. Damu iliyopungukiwa hunyonya zaidi nyekundu. Kifaa hulinganisha mwanga unaotokea upande wa pili kila mapigo yanapopita, kisha hutoa namba. Mtu mwenye afya hupata kati ya 95 na 100. Mtoto mwenye nimonia akiwa chini ya 90 anahitaji oksijeni mara moja.

Lakini namba hiyo yaweza kudanganya. Kidole cha baridi, rangi ya kucha, au mtoto anayerukaruka huivuruga. Tena kuna kubwa zaidi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa upungufu wa oksijeni ulipita bila kuonekana na kifaa karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe, kwa sababu rangi ya ngozi nayo hunyonya mwanga. Ngozi hiyo ndiyo yetu.

Mwanafunzi aliyeunganisha taa hizo kwa mikono yake, akapima vidole vya wenzake na kuona majibu yanavyopishana, hasahau somo hilo. Aliyekariri kitabu tu huisoma namba na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vya afya, kikiwemo cha Bugando, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003, viwape wanafunzi saa za kutosha za maabara ya mwanga. Pili, sekondari zetu zifundishe fizikia kwa vitendo. Tochi, kioo na lenzi vyatosha kuanzia. Tatu, akina mama na akina baba, msiridhike na namba peke yake. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua chake kikibonyea ndani anapovuta pumzi, muwahisheni kituoni. Namba ikionekana nzuri na mtoto bado anahangaika, ombeni apimwe tena.

Ng'ombe aliyeuzwa kwa elimu ya namna hii hakupotea.