Picha ya vita yenye rangi: Ya kweli, au imepakwa na kompyuta?

Bila shaka umeshaiona kwenye simu yako: askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, matope ya kahawia, macho ya bluu, na chini yake maneno "hivi ndivyo ilivyokuwa". Unaisambaza kwenye grupu. Ila jiulize kwanza, hiyo rangi imetoka wapi?

Wengi wanadhani enzi hizo picha za rangi hazikuwepo. Zilikuwepo. Mwaka 1907, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walianza kuuza vioo vya picha vilivyoitwa autokromu. Siri yake ilikuwa viazi: chembe za wanga wa viazi zilitiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau, kisha zikatandazwa kwenye kioo.

Mwaka 1917, Paul Castelnau na Fernand Cuville walitumia vioo hivyo kupigia picha jeshi la Ufaransa. Castelnau aliwapiga hata askari wa Afrika Magharibi waliokuwa wakiipigania Ufaransa.

Lakini vioo hivyo vilikuwa vizito wa kunasa mwanga. Hata penye jua, picha moja ilichukua sekunde nzima au zaidi. Anayekimbia angetoka ukungu tu. Ndiyo maana picha hizo zinaonyesha magofu na askari waliotulia, siyo mapigano. Kwa hiyo ukiletewa picha ya rangi ya 1917, watu wanakimbia na bomu linalipuka, ujue rangi imewekwa baadaye.

Je, kuweka rangi ni kosa? Hapana. Mwaka 2018 Peter Jackson alitia rangi filamu za zamani za vita hivyo, na watazamaji walijua. Shida inaanza pale usipoambiwa.

Kwenye picha nyeusi na nyeupe, bluu na kaki zote zinaweza kuonekana kijivu. Akili mnemba haijui, inakisia. Na rangi ni ushahidi: Wafaransa walivaa bluu, askari wa makoloni yao kaki. Kompyuta ikikosea, Mwafrika anavalishwa sare ambayo siyo yake.

Inaweza kuwa mbaya zaidi. Aprili 2021 tovuti ya Vice ilichapisha picha zilizotiwa rangi za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Cambodia, walikoteswa maelfu ya watu chini ya utawala wa Khmer Rouge. Baadhi ya wafungwa walikuwa wameongezewa tabasamu. Serikali ya Cambodia ililalamika, na Vice ikaziondoa. Watu waliokuwa wakingoja kuuawa walichekeshwa kwenye picha.

Leo kazi hiyo inafanywa na programu ya simu ndani ya dakika moja. Basi kabla hujabonyeza "tuma", uliza: nani alipiga picha hii, lini, na rangi ni ya siku ile au ya jana? Ukikosa jibu, usitume.