UCHAMBUZI: Asili ya gari kuukuu ni ya kiwandani au ya barabarani?

NYUMA ya karakana moja katika mtaa wa Free Area, jijini Nakuru, kando ya barabara kuu ya kuelekea Nairobi, kumeegeshwa gari aina ya Peugeot 504 lenye safu tatu za viti. Rangi yake imebabuka, lakini mstari wa manjano uliopakwa ubavuni enzi lilipokuwa matatu ungali unaonekana. Mwenyewe alikwisha kuaga dunia. Wanawe wawili wamekubaliana kulifufua. Wasichokubaliana ni namna ya kulifufua.

Kifungua mimba anataka gari lirudi jinsi lilivyotoka kiwandani: injini ya Toyota iliyofungwa na marehemu baba yao ing'olewe, itafutwe ya Peugeot, na mstari wa manjano ufutwe. Mdogo wake anashikilia kwamba injini hiyo ndiyo iliyowalipia karo, na kuing'oa ni kumfuta baba yao kwenye gari lake mwenyewe. Fundi amewaambia wakubaliane kwanza, ndipo ashike spana.

Huenda mizozo ya aina hii ikazidi kusikika, kwa kuwa magari haya hayaongezeki. Kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa (KEBS) haziruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, mathalan, yaliyoruhusiwa ni yale yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Kwa mwananchi wa kawaida, basi, 504 zilizoko ndizo zilizoko.

Na 504 si gari la kupuuzwa. Lilizinduliwa nchini Ufaransa mnamo 1968 na mwaka uliofuata likatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Takriban magari 27,000 ya aina hiyo yaliunganishwa humu nchini. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, naye Jean-Pierre Nicolas akafanya vivyo hivyo 1978. Kwa wakazi wa Bonde la Ufa, hata hivyo, sifa yake kubwa haikuwa mashindano. Lilikuwa matatu ya safari ndefu, lililobeba walimu, wafanyabiashara na wagonjwa kabla ya Nissan za abiria 14 kulipokonya barabara.

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga, na kwa hivyo kifungua mimba ana methali upande wake. Swali ni: asili ipi?

Viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanzishwa Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka ya sabini vilipokea sehemu zilizofungashwa ng'ambo, lakini sera ya serikali ilivitaka pia vitumie baadhi ya bidhaa zilizotengenezwa humu nchini, zikiwemo betri na tairi. Kwa maneno mengine, hata siku lilipouzwa likiwa jipya, gari la Kenya halikuwa sawa kabisa na nduguye aliyebaki Ufaransa. Anayeagiza kila kipuri kutoka Ulaya ili "kulirudishia asili" huenda analipa asili ambayo gari lenyewe halijawahi kuwa nayo.

Isitoshe, wataalamu wa uhifadhi hawakubaliani tena na dhana kwamba kukarabati ni kulifanya gari lionekane jipya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliidhinisha Mkataba wa Turin mnamo 2012. Mkataba huo ulifuata nyayo za Mkataba wa Venice wa 1964 unaohusu majengo ya kale. Msingi wake ni kwamba mabadiliko yaliyofanyiwa gari wakati wa maisha yake ya kazi ni sehemu ya historia yake. Kinachoongezwa leo ndicho kinachopaswa kuwekewa alama na kumbukumbu, ili mtu asije akadhani ni cha kale.

Kwa kipimo hicho, mstari wa manjano una haki ya kubaki. Ulitokana na kanuni za uchukuzi alizozisimamia aliyekuwa waziri, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 pamoja na vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama. Anayeufuta anafuta ushahidi kwamba gari hili lilikuwepo siku hizo na lilitii sheria.

Je, injini ya Toyota? Hapa hoja ya kifungua mimba ina uzito. Katika masoko ya magari ya kale, lililobaki na injini liliyozaliwa nayo huthaminiwa kuliko lililobadilishiwa. Lakini hata huko, injini si kila kitu. Nchini Uingereza, mamlaka ya usajili kwa miaka mingi ilitumia alama kuamua iwapo gari lililobadilishwa sana litaendelea kutumia nambari yake ya awali. Chesisi au bodi ya awali ilipata alama tano. Injini, alama moja tu. Jumla haikupaswa kupungua nane. Mifupa ya gari ilihesabiwa kuliko moyo wake.

Kwetu hatari iko kwingine. Hati ya umiliki huonyesha nambari ya chesisi na ya injini, na anayebadilisha injini anatakiwa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA). Mafundi na wenye magari wengi wa zamani hawakujisumbua. Sasa mwenyewe amefariki, na warithi hawawezi kuhamisha umiliki bila idhini ya mahakama kuhusu urithi. Gari likikaguliwa na nambari ya injini isilingane na hati, watakaoulizwa kama ni la wizi ni watoto, na baba hayupo kujibu. Kwa hivyo stakabadhi ya ununuzi wa injini ile, kama ingalipo katika sanduku la mzee, ina thamani kuliko kipuri chochote cha kutoka Ufaransa.

Hata hivyo, si kila kilichofungwa na baba kinastahili kuachwa. Bomba la breki lililounganishwa kwa kubahatisha si historia. Ni ajali inayosubiri mahali pa kutokea. Vivyo hivyo, si kila cha asili kinastahili kurudishwa. Breki nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limethibitisha kwamba husababisha saratani. Baadhi ya injini kuukuu nazo zilitegemea risasi iliyokuwa katika petroli kulinda viti vya vali, na kufikia mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa katika mataifa ya Afrika kusini mwa Sahara. Anayezirejesha bila kubadilisha viti hivyo anajitafutia hasara.

Ni bayana, basi, kwamba vipuri visivyo vya asili vinahitaji kupepetwa. Vinavyohatarisha maisha viondolewe bila mjadala. Vilivyofungwa ili kuficha jambo, kama vile bamba la nambari ya chesisi lililochezewa, viripotiwe kwa wahusika. Vilivyofungwa ili gari liendelee kufanya kazi vibaki, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kuvitoa.

Injini ya Free Area ni ya kundi hilo la mwisho. Ndugu hao wanaweza kuiacha ilivyo, waiandikishe, huku kifungua mimba akitafuta ya Peugeot bila haraka. Sharti ni moja: fundi asikate wala kuchomelea chesisi kwa namna isiyoweza kurekebishwa. Kila kinachotolewa kipigwe picha, kiandikwe tarehe na kuhifadhiwa. Injini ya Peugeot ikipatikana, watakuwa na hiari ya kuibadilisha, na ile ya Toyota itakuwa pale pale karakanani, na jina la aliyeinunua likiwa limeandikwa juu yake.

Kiwanda kiliunda maelfu ya 504. Hili moja lilikamilishwa na mzee mmoja wa Nakuru, aliyekuwa na karo ya kulipa na fedha kidogo mfukoni.