Mnaotaka bendi ya rock Ishiara, msikimbilie Nairobi kwanza

Binamu yangu aliuza mbuzi wawili, akaongezea pesa ya muguka aliyokuwa ameweka kwa miezi mitatu, akanunua gitaa la umeme la mtumba na amplifaya ndogo ya kubeba kwa mkono. Hapa Ishiara watu walicheka wakachoka. Mzee mmoja pale sokoni alimuuliza kama hilo gitaa linazaa. Jamaa hakujibu. Wiki mbili baadaye alipanda matatu ya Embu, akabadilisha ya Nairobi, gitaa mgongoni kama mtoto. Aliniambia bendi ya rock haiwezi kuzaliwa katika vumbi hili, ati wasikilizaji wote wako mjini.

Amerudi. Wala hakurudi kwa sababu hajui kupiga. Anajua, na vidole vyake vimeota sugu. Yeye na wenzake watatu walipata klabu moja iliyokubali wapige Alhamisi usiku. Sharti lilikuwa moja tu: leteni watu wenu, wasipungue thelathini, la sivyo hakuna shoo. Sasa thelathini angewatoa wapi, na Nairobi nzima anayemjua ni dada yake na mama wa M-Pesa wa pale chini ya ploti?

Hilo sharti ndilo limenifanya niandike. Kama uko huku Mbeere, una miaka kumi na tisa na ndoto ya bendi, lifikirie kabla hujauza mbuzi. Nairobi haikupi mashabiki. Inakuuliza unao wangapi.

Si kwamba naichukia Nairobi. Rock ya Kenya ilikomaa huko na bendi zake nazipenda. Parking Lot Grass wamepiga miaka mingi bila kubembeleza mtu. Crystal Axis, vijana wa punk, waliimba kuhusu Nyayo House, lile jengo la katikati ya jiji ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesa wapinzani enzi za Moi. Wana wimbo mwingine unaoitwa Leopold, wa yule mfalme wa Ubelgiji aliyeigeuza Kongo shamba lake. Kuna Duma nao, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao walitoka kwenye bendi za metal za Nairobi, wakatoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na dunia ikashtuka. Kelele yao si ya kila sikio, nakubali. Mama yangu aliisikia kwa simu yangu akadhani spika imeharibika.

Lakini angalia hizo bendi zilivyopata watu wao. Redio haikuwabeba. Kulikuwa na X FM jijini, stesheni iliyopiga rock kutwa kucha, na hata yenyewe haipo tena hewani. Walibaki na kumbi ndogo, marafiki wa shule, majirani na mtu anayeleta mtu. Bendi changa hukua hivyo kila mahali, shabiki mmoja mmoja, na hao wa mwanzo huwa ni watu wanaokujua kwa jina. Kijana wa Nairobi akianza bendi, yuko nyumbani. Thelathini wake alisoma nao, alicheza nao mpira, wanakaa ploti moja. Wewe wako wako wapi? Wako hapa. Wako stendi ya bodaboda, wako kwaya ya vijana, wako kwenye ile timu ya mpira ambayo kila Jumamosi inakosa kipa.

Nitaambiwa watu wa huku hawawezi kusikiliza rock. Hao hao wanaosema hivyo wana Jim Reeves na Kenny Rogers kwenye simu, na wakisikia Don Williams kwa matatu wanaimba neno kwa neno, hata kama Kiingereza chenyewe ni cha kubahatisha. Sir Elvis amejaza kumbi za Kenya kwa country, na sijasikia mtu akimwambia huo si muziki wetu. Halafu kuna mugithi. Mtu mmoja, gitaa moja, baa imejaa, watu wameshikana viuno wanazunguka meza kama gari la moshi. Samidoh alianza akiwa polisi mwenye gitaa, na leo anaitwa mpaka ng'ambo. Mugithi haukusubiri mtu wa kuuleta kwenye televisheni. Ulizunguka baa kwa baa, mji kwa mji, hadi televisheni ikaufuata. Ukanda huu umelelewa na gitaa. Mkiongeza dramu na kelele kidogo, hakuna atakayekufa.

Kisa cha Zambia nakipenda zaidi. Miaka ya 1970 vijana wa kule walipiga rock yao wenyewe, ambayo siku hizi inaitwa Zamrock. Bendi yao kubwa, WITCH, ilichipuka Copperbelt, eneo la migodi ya shaba. Mashabiki wake wa kwanza walikuwa watu wa miji ya kazi ngumu, wanaotoka zamu wakiwa na vumbi nguoni. Uchumi ulipoharibika bendi zile zilisambaratika, na mwimbaji wake, Jagari, akaishia kutafuta vito ardhini. Miaka arobaini baadaye santuri zao zilianza kutafutwa Ulaya na Marekani, mzee akarudi jukwaani, na hadi leo anazunguka dunia. Vumbi si sababu ya kutoanzisha bendi.

Sasa tuongee ukweli kuhusu vyombo. Ishiara hakuna studio ya mazoezi ya kukodi kwa saa. Dramu ziko kanisani. Gitaa la besi liko kanisani. Kinanda, spika kubwa na jenereta ya stima ikipotea, vyote viko kanisani. Hata huyo binamu yangu alifundishwa kodi zake za kwanza na mpiga besi wa kanisa. Kwa hiyo bendi yoyote ya hapa itazaliwa mikononi mwa pasta au padri, tupende tusipende, na hapo ndipo penye kazi.

Wazazi wetu walikua wakiambiwa rock ni ya shetani. Tusiwacheke. Mwaka 1994 serikali ya Moi iliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani Kenya, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1999. Mtu aliyekuwa kijana wakati huo leo ndiye mzee wa kanisa mwenye ufunguo wa chumba cha vyombo. Ukimwendea na fulana yenye fuvu la kichwa, ukamwambia unataka dramu Jumanne jioni, unategemea akujibu nini? Nenda kama mtu wa heshima. Piga ibada ya Jumapili bila kukosa, beba spika, kunja nyaya, safisha ukumbi. Ukishafanya hivyo miezi sita, omba. Na wimbo wa kwanza msikilizishe yeye. Najua wengine mtaniita mwoga, mtasema rock ni uasi. Sawa, asi. Lakini asi ukiwa na dramu.

Nyimbo ziwe za nini? Hapa ndipo bendi nyingi za mashinani hujimaliza, maana zinaimba baridi ya London na mapenzi ya kwenye filamu. Crystal Axis walipata masikio kwa sababu Nyayo House ni jengo ambalo Mkenya anapita mbele yake akienda kutafuta pasipoti. Lord Spikeheart, ndiye yule Martin Khanja wa Duma, alitoa albamu yake The Adept mwaka 2024 akaitunukia nyanya ya mzazi wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa fildi masho wa Mau Mau. Metal kali, na ndani yake nyanya! Na wewe unakosa cha kuimba?

Imba muguka. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipoupiga marufuku, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, huku kwetu kila nyumba ilipiga hesabu upya: karo, dawa, deni la duka. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. Wiki zile hapakuwa na kijana Ishiara aliyelala vizuri. Na upande wa pili upo pia, upande wa mama wa Pwani anayelia kwamba jani letu limemmalizia mtoto. Weka pande zote mbili ndani ya wimbo mmoja wenye gitaa la hasira uone kama watu hawatanyamaza kusikiliza. Imba ndengu zinazokauka mvua ikikata mapema. Imba kwa Kimbeere. Wimwaro FM inatangaza kwa Kiembu na Kimbeere, na wimbo wa lugha hiyo una mlango pale ambao Kiingereza chako hakina.

Kuhusu pesa sitakudanganya, mwanzo hakuna. Chagua siku moja kwa mwezi, mahali pamoja, usibadilishe. Siku ya soko jioni ni nzuri kwa sababu watu tayari wametoka. Leseni ya kelele iulizie mapema, kanuni za NEMA zipo tangu 2009 na askari wanazikumbuka wakitaka. Kila anayekuja, chukua namba yake. Mwezi wa kwanza watakuja kumi, sita kati yao wakiwa jamaa zako. Rekodi zako weka mtandaoni wewe mwenyewe. KMRU, mjukuu wa Joseph Kamaru, ndivyo alivyorudisha nyimbo za marehemu babu yake masikioni mwa watu, kwa kuziweka Bandcamp. Ukifika thelathini wa kweli, watu wanaoweza kulipa nauli kukufuata Embu mjini, hapo ongea na klabu yoyote ya Nairobi. Kodisha matatu, jaza, nenda.

Binamu yangu amesikia haya yote na hajakubali nusu yake. Anasema naongea kama mzee. Lakini Jumapili iliyopita nilimwona nyuma ya kanisa akimsaidia mpiga dramu kubeba vyombo, na jioni akaniomba mia tano. Nyuzi mbili za gitaa zimekatika, na hapa hakuna anayeziuza. Kesho anashuka Embu kuzitafuta.